Siku Umeme Ulipokwenda Kuyapa Maji Pole

Niazimeni masikio, ila msinilaumu yakirudi yamechoka. Habari zenyewe ni za nchi moja iitwayo Shwari, na asitokee mtu hapa kunishika shati akiniuliza iko upande gani. Njia ya kwenda huko nimeisahau, na hata ningeikumbuka nisingemwelekeza mtu, maana wenyewe hawapendi wageni wenye macho. Ni nchi nzuri sana. Ina mito, ina milima, ina watu wacheshi, na kwa mujibu wa sheria haijawahi kupatwa na hitilafu yoyote tangu iumbwe. Kitu kikiharibika hupewa jina jingine, na mambo yanaendelea.

Huko Shwari aliishi mhandisi mmoja mwanamke, jina lake Sikudhani. Alikuwa mrefu, mwenye hasira za karibu na kicheko cha karibu zaidi. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tisa ya Jumba la Mshikamano, juu kabisa, kule ambako serikali huweka vitu isivyovihitaji lakini inaona haya kuvitupa. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa moja tu: kukaa na kujiuliza, kitu fulani kikianguka, kitaanguka na nani?

Vifaa vyake vilikuwa meza mbovu ya ping-pong iliyokataliwa na vijana wa michezo, viberiti vitupu arobaini na kimoja alivyovijaza mchanga, na uzi wa kushonea. Kiberiti kimoja aliandika Umeme, kingine Maji, kingine Simu, Hospitali, Ghala la Mafuta, Tanuri la Mikate, Taa za Barabarani, mpaka kile kidogo cha mwisho, Lifti ya Jumba. Anayemtegemea mwenzake alifungwa uzi kwa mwenzake. Umeme ulitaka maji ya kupoza mtambo. Maji yalitaka umeme wa kuzungusha pampu. Simu zilitaka umeme, ghala la mafuta halikufungua bomba mpaka lipigiwe simu, na magari ya mafundi wa umeme hayakwenda bila mafuta. Ukiufuata ule uzi kwa macho, kichwa kinauma.

Miaka mitatu Sikudhani alifunga uzi. Siku alipomaliza, alikivuta kiberiti kimoja pembeni mwa meza, taratibu, kwa kidole kimoja. Vyote arobaini na kimoja vikaporomoka sakafuni kabla hajameza mate. Akakaa chini katikati ya viberiti akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akagundua kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko. Akaandika ripoti. Alichoomba si kikubwa: kila taasisi iwe na jenereta lake na tangi lake la akiba, ili siku mmoja akianguka uzi ukatike, wengine wabaki mezani.

* * *

Ripoti ikamfikia Mheshimiwa Pazi Gwandumi, Waziri wa Mshikamano wa Mabomba, Nyaya na Mambo Yanayofanana na Hayo. Mheshimiwa hakuisoma, kwa sababu ilikuwa na kurasa, lakini alisikia kuna meza. Akapanda kwa lifti mpaka ghorofa ya tisa na wapambe kumi na wawili, akavuta kiberiti mwenyewe. Vyote vikaanguka. Waziri akapiga makofi.

"Arobaini na kimoja!" akasema, macho yakimlengalenga. "Hakuna hata kimoja kilichobaki nyuma! Ndugu zangu, mmeona? Hakuna aliyesema mimi simo. Huu ndio mshikamano niliokuwa nauota tangu utotoni."

"Mheshimiwa," akasema Sikudhani, "hiyo ndiyo hatari yenyewe."

"Hatari gani, binti? Nyumba ambayo mmoja akilia wote wanalia, hiyo ndiyo nyumba." Akainama, akaona vijiwe vidogo vilivyobandikwa juu ya viberiti vichache. "Na hivi vidude?"

"Hayo ni majenereta, Mheshimiwa. Ya akiba. Hospitali inalo, Maji wanalo, Simu wanalo, ila ni madogo, hayatoshi. Umeme ukikatika..."

"Ngoja." Waziri akanyanyua kidole. "Yaani Hospitali imekaa pale, inakula na Umeme, inacheka na Umeme, na chini ya kitanda imeficha jenereta ikingoja Umeme ufe?"

"Si kufa, Mheshimiwa. Kukatika."

"Na Umeme unajua?"

Sikudhani akavitazama vile vijiwe, maana swali kama lile hawakufundishwa chuoni.

"Jenereta," akasema Waziri, na mpambe mmoja tayari alikuwa anaandika, "ni talaka iliyoandikwa mapema."

Wiki ya pili ikapita Sheria ya Kuaminiana. Majenereta yote ya nchi yakakusanywa, yakapakwa rangi, yakapangwa kwa mistari katika Makumbusho ya Kutoaminiana, yenye ukuta mrefu na geti zuri la umeme linalojifungua lenyewe. Watoto wa shule walipelekwa kuyaona wakaambiwa hivyo ndivyo mababu zao walivyokuwa wakishukiana. Katika vitabu vya kusomea, methali ya akiba haiozi ilifutwa, mahali pake ikawekwa: akiba humtia jirani aibu. Ni Matroni wa Hospitali Kuu peke yake aliyekataa kimyakimya. Aliliingiza jenereta lake wodini, akalilaza kitanda cha kumi na nne, akalifunika shuka na kulifungulia faili: anakohoa moshi mweusi, asisumbuliwe. Wakaguzi walipita, wakampa mgonjwa pole, wakaenda zao.

Jenereta moja tu lilibaki nje kihalali, dogo, la kuvutwa kwa magurudumu. Hilo lilikuwa la vipaza sauti vya Waziri. Wanasheria walieleza kwamba waziri si taasisi, kwa hiyo hana wa kuaminiana naye.

Na kifungu cha mwisho cha sheria kiliwafurahisha watu wote, kwa kuwa kilitoka katika mila yao wenyewe. Shwari, mtu akivunja chungu cha jirani yake, haanzi kuokota vigae. Huanza kwa kwenda kumpa pole, akiwa na majani ya chai na sukari, wakae, waulizane hali za watoto, ndipo vigae viokotwe. Anayekimbilia vigae hana malezi. Basi sheria ikasema: taasisi ikiiangusha nyenzake, mkurugenzi mwenyewe sharti aende kutoa pole, uso kwa uso, kabla fundi yeyote hajashika spana.

Sikudhani alipewa cheti cha Mbunifu wa Mshikamano. Aliandika barua kumi na nne za kupinga. Zote zilijibiwa kwamba zimepokelewa kwa furaha.

* * *

Ikafika Sikukuu ya Mshikamano. Saa nne asubuhi, mbele ya Jumba, Waziri alikuwa afungue Chemchemi ya Mshikamano, yenye midomo arobaini na mmoja ya kurushia maji, kwa heshima ya vile viberiti. Bomba lake lilichepushwa kutoka bomba linalopeleka maji ya kupoza mtambo wa umeme. Sikudhani alikwisha kuliandikia hilo, barua ya tisa. Akakaribishwa kiti cha mstari wa tatu, na skafu ya bendera shingoni.

Waziri akabonyeza kitufe. Maji yakapanda juu mpaka njiwa waliokuwa juu ya paa wakalowa. Vigelegele! Ngoma! Sikudhani akatazama saa yake.

"Dakika nne," akasema.

"Dakika nne za nini, dada?" akauliza mama mmoja aliyekaa kiti cha pili, kapendeza na kilemba cha kijani.

"Mtambo ukose maji, ujizime."

Mama wa kilemba akatabasamu kwa adabu. Dakika nne zikapita. Feni zilizokuwa zikiwapepea wageni wa heshima zikapunguza mwendo, zikasimama.

"Sasa pampu," akasema Sikudhani. Midomo arobaini na mmoja ya chemchemi ikakohoa, maji yakashuka chini taratibu, yakaisha.

"Sasa simu." Watu waliokuwa wakipiga picha na kuzituma wakaanza kuzitikisa simu zao hewani.

"Sasa taa za barabarani." Honi zikaanza kulia upande wa kipilefti.

Mama wa kilemba akasogeza kiti chake. Kisha akasogeza tena. "Jamani," akawaambia walio nyuma, "huyu dada anayaita!"

"Sasa tanuri la mikate," akasema Sikudhani, naye hakuweza tena kujizuia. Muda wote ule hakuna aliyemsikiliza, na leo nchi nzima ilikuwa inaanguka kwa utaratibu wake, kiberiti kwa kiberiti, bila kuruka hata kimoja. Mola amsamehe, alikuwa na furaha. Damu ilimchemka, miguu ilitaka kucheza. Alihesabu kwa vidole, mstari mzima wa tatu ukiwa umebaki mtupu isipokuwa yeye, na nyuma watu wakinong'ona mchawi, mchawi, mpaka akafika cha arobaini na kimoja.

"Sasa lifti," akasema, akapiga makofi mara moja.

Ndipo mlinzi wa mlangoni akaja mbio akiwa ameshika kofia. "Mhandisi! Nakutafuta kote. Mama yako amekuletea chakula. Nikamwambia uko ofisini, nimempandisha lifti muda si mrefu."

Mikono ya Sikudhani ikabaki vile vile, imeshikana.

* * *

Mama yake Sikudhani, Bi. Mwanamvua, alikuwa na pumu ya siku nyingi. Nyumbani walijua: asikae mahali pamefungwa, asikasirishwe, na dawa yake ya kuvuta isiwe mbali. Sikudhani alipanda ngazi mbilimbili. Nyuma yake jenereta la Waziri lilikuwa limekwisha kuwashwa, na sauti ikimfuata kupitia madirishani.

"Ndugu wananchi! Mnachokiona si kukatika kwa umeme. Umeme umekaa chini kidogo kuwasubiri wenzake!" Makofi.

Lifti ilikuwa imekwama kati ya ghorofa ya sita na ya saba. Chini ya mlango wake palikuwa na ufa wa kupitisha mkono.

"Mama!"

"Nani huyo?"

"Mimi, Sikudhani!"

"Wewe si uko juu?"

"Niko nje, mama."

"Nje ya wapi? Mimi ndiye niko ndani, nimetundikwa humu kama kanzu kabatini." Sauti ilikuwa ile ile ya ukali na utani, ila mwisho wa maneno palikuwa na kifilimbi. Sikudhani alikijua kifilimbi kile tangu anazaliwa.

"Dawa yako unayo?"

"Ipo."

"Ipo wapi, mama?"

"Ipo mezani, nyumbani. Usinigombeze, nilikuwa nimebeba pilau. Na humu siko peke yangu, nina baba wa watu kavaa suti, jasho linamtoka utadhani anatwanga. Anasema yeye ni Itifaki."

"Msabaha, Afisa Itifaki," ikasema sauti ya pili, nyembamba. "Mhandisi, nimeshika kurasa nne za mwisho za hotuba ya Mheshimiwa. Nilizipandisha kupigwa muhuri."

"Bwana Msabaha, nashuka niwaambie wazime jenereta la Waziri, tulivute tuliunge kwenye lifti! Linatosha!"

"Haiwezekani. Jenereta halizimwi Waziri akiwa anazungumza."

"Basi amalize."

"Hawezi. Hotuba humalizika kwa maneno Asanteni kwa kunisikiliza, tena yakiwa yamesomwa kwenye karatasi. Na karatasi ninayo mimi."

Sikudhani akakaa kwenye ngazi. Lifti yataka jenereta. Jenereta lataka hotuba iishe. Hotuba yataka kurasa, na kurasa zimo ndani ya lifti. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, akakiziba kwa skafu ya bendera.

"Unacheka nini?" akauliza mama.

"Sijui, mama. Naogopa."

Akasimama, akaenda dirishani kuangalia kama kuna msaada mwingine. Chini, kwenye kipilefti, magari matatu meusi yalikuwa yakizunguka. Moja lilikuwa la Mkurugenzi wa Umeme, amekwenda kuyapa Maji pole kwa kuzima pampu zao. La pili la Mkurugenzi wa Maji, amekwenda kuwapa Simu pole. La tatu la Mkurugenzi wa Simu, ambaye bila simu zake mafundi wa Umeme hawakuweza kuitwa, kwa hiyo alikuwa anakwenda kuupa Umeme pole. Kila mmoja alifika akaambiwa mkuu hayupo, ametoka kwenda kutoa pole, naye akageuza gari kumfuata. Wakipishana kwenye kipilefti walipungiana mikono kwa huzuni. Madirishani zilionekana pakiti za majani ya chai. Mafundi wote wa nchi walikuwa wamekaa vivulini, spana chini, wakisubiri adabu itimie.

Hapo hapakuwa na msaada.

"Mwanangu," ikaita sauti kutoka kwenye ufa, taratibu sasa. "Hivi katika vile viberiti vyako, mimi niko kipi?"

Sikudhani akafungua kinywa. Akavipitia vyote kichwani, arobaini na kimoja, na mchanga wake na uzi wake.

"Humo hata katika kimoja, mama."

"Aa." Kifilimbi. "Nilikuwa nauliza tu."

* * *

"Bwana Msabaha, pitisha hizo kurasa hapa chini."

"Kurasa za Waziri hukabidhiwa mkono kwa mkono, watu wakiwa wamesimama, mmoja akiinama. Hazipitishwi kwenye ufa kama barua ya mapenzi. Nina miaka ishirini na sita kazini, Mhandisi, sijawahi kuvunja itifaki hata usingizini."

Sikudhani alikuwa anatafuta tusi la kumfaa. Lakini kabla hajalipata, akasikia kifuniko cha hotipoti kikifunguliwa, na harufu ya bizari na kitunguu ikashuka kupitia kwenye ufa.

"Baba," akasema Bi. Mwanamvua, akikata maneno ili apate pumzi, "umekula tangu asubuhi?"

"Sijala, mama. Sikukuu hatuli mpaka Mheshimiwa ale."

"Basi karibu."

"Itifaki hairuhusu..."

"Mimi ni mgeni wa itifaki? Mimi ni mama. Mama akisema karibu, unasema nini?"

Kisha sauti ndogo sana: "Starehe... nimekaribia."

Wakala. Sikudhani alisikia wakila, na pumzi za mama yake katikati ya tonge na tonge, fupi, fupi zaidi. Kisha Bi. Mwanamvua akasema, "Sasa umekula chakula changu. Kwenu mtu akila chakula cha mtu anakuwa nani?"

"Anakuwa mtoto wake," akasema Msabaha, na ilisikika kwamba analia.

"Basi mpe dada yako hizo karatasi."

Kurasa nne zikatokea kwenye ufa, zina alama za vidole vya mafuta.

Sikudhani akashuka ngazi mbio mpaka kwenye jenereta. Fundi wake, mwanamume mnene aliyevaa pamba masikioni, alimwonyesha kipimo cha dizeli. "Nusu saa," akasema. "Na ghala limefunga. Hii ikiisha, imeisha."

Jukwaani, Waziri alikuwa kwenye ukurasa wa hamsini na sita kwa mara ya tano. Hakuwa na wa hamsini na saba, na kusimama hakuruhusiwi, basi akifika mwisho alirudi juu. Wananchi walipiga makofi mahali pale pale kila mara, na mahali pa kucheka walicheka.

Nusu saa ya dizeli. Sikudhani alizijua hesabu kuliko mtu yeyote katika nchi ile. Kwa nusu saa hiyo pampu ndogo ya kupoza mtambo ingezunguka, mtambo ungeanza kupata moto, na baada ya saa tatu Shwari nzima ingewaka taa. Au kwa nusu saa hiyo lifti moja ingeshuka ghorofa sita. Ripoti yake mwenyewe, ukurasa wa mia moja na themanini, ilikuwa imekwisha kujibu: anza na mtambo. Alikuwa ameipigia mstari.

Akaweka ukurasa wa mwisho juu ya mfuniko wa jenereta, mwandiko ukitetemeka kwa ule mtikisiko, akaandika mistari mitatu juu ya Asanteni.

Mheshimiwa Pazi Gwandumi alizipokea kurasa kama mtu aliyeletewa maji jangwani. Akasoma wa hamsini na saba, wa hamsini na nane, wa hamsini na tisa. Alisoma kama siku zote, kwa sauti nzito, bila kujisikiliza.

"Na mimi ndiye niliyeyaondoa majenereta, na nilikosea," akanguruma. Makofi! "Kwa hiyo naamuru, katika moyo wa mshikamano, jenereta hili livutwe sasa hivi nyuma ya jengo, liungwe kwenye lifti, maana mna mama wa watu humo hapati pumzi. Asanteni kwa kunisikiliza!"

Vigelegele vikapasua anga. Waziri akaitazama ile karatasi, akaigeuza upande wa pili, akairudisha. Lakini lililosemwa kwenye kipaza sauti Shwari ni sheria, na watu walikwisha kulikamata jenereta, fundi mnene mbele, mama wa kilemba cha kijani akisukuma nyuma na viatu vyake mkononi.

Lifti ikashuka ikilia. Mlango ukafunguka. Bwana Msabaha alikuwa amesimama na punje za wali kidevuni, koti lake akilitumia kupepea. Bi. Mwanamvua alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea, midomo imebadilika rangi, na hotipoti imefunikwa vizuri mapajani.

"Tumekubakizia," akasema, na hakuweza kuongeza neno jingine.

Walimbeba kwa mikono mpaka Hospitali Kuu, mtaa wa pili, wakamlaza kitanda cha kumi na tano. Mgonjwa wa kitanda cha kumi na nne alikuwa amefunuliwa shuka, ananguruma kwa afya tele, na mashine ya hewa ilikuwa inafanya kazi. Nyuma ya Jumba, jenereta la Waziri lilikohoa mara mbili likazima.

* * *

Shwari ilikaa siku tatu bila kitu. Kwa kuwa simu zilikuwa hazifanyi kazi, hakuna aliyeweza kuuliza ruhusa, na kwa kukosa wa kumwuliza watu walianza kufanya mambo. Geti la Makumbusho lilikataa kufunguka kwa kukosa umeme, basi wakaruka ukuta wakayatoa majenereta kwa kamba, moja moja, wakiimba. Visima vya zamani vikafukuliwa. Siku ya pili magari matatu meusi yaliishiwa mafuta palepale kwenye kipilefti, kwa wakati mmoja, na wakurugenzi wakashuka wakakutana kwa mara ya kwanza. Wakapeana pole mpaka wakatokwa machozi. Siku ya tatu spana zikashikwa.

Umeme uliporudi iliundwa Tume ya Kuchunguza Kisichotokea. Mheshimiwa Waziri alifika akapongezwa kwa unyenyekevu wa hotuba yake, akaongezewa wizara ya pili. Kisha akaitwa Sikudhani. Ukumbi ulijaa. Bi. Mwanamvua alikaa nyuma, dawa yake mkononi, karibu na Bwana Msabaha, ambaye siku hizi alikuwa anamwita mama.

Mwenyekiti wa Tume alikuwa jaji mstaafu, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Akavaa ya kutazamia.

"Mhandisi, mafuta yalikuwa ya nusu saa. Kwa mujibu wa ripoti yako wewe mwenyewe, nusu saa hiyo ingeiwasha nchi nzima siku ile ile. Badala yake ukamshusha mtu mmoja. Kwa nini?"

Sikudhani akageuka kumtazama mama yake. Mwenyekiti akainama mbele, akashusha sauti, kwa wema kabisa.

"Binti yangu, nikusaidie. Mkurugenzi wa Umeme hakuwapo kituoni. Alikuwa kwenye kipilefti. Hata ungelipeleka lile jenereta mtamboni, hakuna ambaye angeweka sahihi. Sema hivyo tu. Sema ulilijua hilo, twende nyumbani."

"Nililijua," akasema Sikudhani. "Nilimwona dirishani. Lakini hata angekuwapo, hata angekuwa amekaa pale kashika kalamu, ningelipeleka kwenye lifti."

Ukumbi ukanong'ona.

"Nchi nzima, Mhandisi!"

"Nchi ina mawaziri, mheshimiwa, na wakurugenzi, na tume, na nyinyi. Barua kumi na nne niliwaandikieni, mlikuwapo wote. Mama yangu mle ndani alikuwa na mimi tu."

Mwenyekiti akavua miwani ya kutazamia, akaipangusa kwa muda mrefu, akavaa ya kusomea, akamgeukia karani.

"Andika," akasema. "Shahidi hakujibu swali."